Wali Wetu na Maradhi ya Sukari

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Tumeletewa suala na mmoja katika wanaohudhuria darsa yetu. Asema kwamba barazani kwao watu wamegawanyika makundi mawili. Wako wasemao kuwa wali, sima, mihogo na viazi ndivyo viletavyo maradhi ya sukari, na kwamba mwenye akili aviache vyote. Na wako wasemao kuwa hayo ni maneno ya kuogofya watu tu: babu zetu walikula wali na mihogo wakafika miaka themanini wasijue mlango wa hospitali, na maradhi ni kadari, humfika amtakaye Mwenyezi Mungu. Mwulizaji ana mama yake aliyekatwa vidole viwili vya mguu mwaka uliopita kwa maradhi hayo hayo, na yeye mwenyewe amekwisha kutimia miaka arubaini. Ataka kujua ashike neno la nani, na je, wali wa nazi wa Ijumaa, ambao mama yake hawezi kuona Ijumaa imetimia bila ya huo, auache?

Twasema, na taufiki yatoka kwa Mwenyezi Mungu, kwamba kila kundi limeshika ncha moja ya kamba na kuiacha ya pili.

Kwanza ijulikane kuwa wali ni halali, na sima ni halali, na muhogo ni halali. Hapana mtu awezaye kusimama leo akaharimisha riziki njema aliyowatolea Mwenyezi Mungu waja wake. Jambo hilo limekemewa katika Suratul-Aaraf, aya ya 32. Lakini aya iliyo kabla yake, ya 31, imetupa rukhsa ya kula na kunywa na papo hapo ikatukataza kupita kiasi. Wengi wetu huisoma rukhsa kwa sauti, na katazo wakalipita upesi upesi. Kuwa kitu ni halali hakukuelezi ule kiasi gani. Kiasi chajulikana kwa kuutazama mwili, na elimu ya mwili ina watu wake, nasi tumeamrishwa kuwauliza wenye elimu katika tusilolijua.

Haya, matabibu wasemaje? Wasema kwamba nyuma ya tumbo kuna kiungo kiitwacho kongosho, na kazi yake moja ni kutoa kitu kiitwacho insulini. Sukari inapoingia katika damu baada ya kula, insulini ndiyo iifungulayo milango ya nyama za mwili ili sukari iingie na kutumika. Ikiwa insulini haipo, au ipo lakini mwili hauitii, sukari hubaki katika damu, ikaharibu macho, figo, mishipa na miguu kidogo kidogo, na mwenyewe huenda asisikie maumivu yoyote kwa miaka. Maradhi haya si mageni kwa wanavyuoni wetu. Ibn Sina, aliyekufa mwaka 1037, aliyataja katika kitabu chake cha Kanuni, na Abdul-Latif al-Baghdadi, aliyekufa mwaka 1231, aliyaandikia risala mbali.

Na maradhi yenyewe si namna moja, na hapa ndipo watu wanapochanganya mambo wakawadhulumu wengine. Iko namna iwapatayo zaidi watoto na vijana, ambayo mwili wenyewe hukiharibu kile kinachofanya insulini katika kongosho. Hiyo haikuletwa na wali wala na peremende. Mama ambaye mwanawe amepata maradhi hayo asiambiwe na jirani, wala na mkwe, kuwa yeye ndiye aliyemlisha mtoto vibaya. Huo ni uwongo na ni udhia kwa Mwislamu mwenzio aliye katika mtihani. Mtoto wa namna hiyo hana dawa ila insulini, na kabla ya mwaka 1922, ilipodungwa kwa mara ya kwanza kijana mmoja huko Toronto, watoto hao walikuwa wakifa tu. Namna ya pili ndiyo ya wagonjwa walio wengi, zaidi ya 90 katika mia, nayo ni ile ambayo mwili umekuwa mkaidi kwa insulini. Husaidiwa na nasaba, na umri, na unene wa tumbo, na kukaa kitako. Na hii ndiyo ambayo chakula kina fungu lake ndani yake, na ndiyo tunayoisema hapa.

Vyakula tulivyovitaja, wali, sima, mkate, muhogo, viazi na ndizi mbichi, vyote ni vyakula vya wanga. Na wanga ni sukari iliyofungamana kama shanga katika uzi; tumbo huukata uzi zikatoka shanga moja moja. Atakaye kuhakikisha na atwae kipande cha mkate mtupu akitafune polepole muda mrefu bila ya kukimeza. Atauona utamu ukija mdomoni, kwani mate nayo huanza kazi hiyo ya kukata. Kwa hiyo yule asemaye, "Mimi sitii sukari katika chai, basi nimesalimika," kisha akala sinia ya wali peke yake, hajasalimika. Sukari aliifungia mlango wa mbele ikaingia kwa wa uani.

Lakini je, imehakikishwa kuwa walao wali mwingi hupata maradhi zaidi? Wataalamu wamewafuatia watu wengi kwa miaka mingi wakiandika walacho na wapatacho. Mwaka 2012 zilikusanywa pamoja khabari za watu 352,384 wa China, Japani, Marekani na Australia, ikaonekana kuwa kila sehemu moja ya wali mweupe kwa siku, kadiri ya gramu 158 za wali uliokwisha kupikwa, ilifuatana na khatari iliyozidi kwa 11 katika mia. Mwaka 2020 zikatoka khabari nyingine za watu 132,373 wa nchi 21. Waliokula gramu 450 au zaidi kwa siku walikuwa na khatari iliyowazidi kwa 20 katika mia wale wasiofikia gramu 150. Kwa watu wa India na nchi jirani zake, ziada ilifika 61 katika mia. Kwa China haikuonekana ziada ya kutajika.

Hesabu hizi zataka kusomwa kwa uangalifu. Ziada ya 20 katika mia haina maana kuwa mtu mmoja katika kila watano walao wali atapata sukari. Maana yake ni kwamba ikiwa katika watu mia wangepata kumi, basi sasa watapata kumi na wawili. Tena, kufuatana si kusababisha. Huenda mlaji wa wali mwingi ni mtu asiyetembea, au asiyepata mboga na samaki wa kutosha. Wataalamu hujaribu kuyatoa mambo hayo katika hesabu zao, wala hawawezi kuyatoa yote. Na tofauti ya India na China, wote wakiwa walaji wa wali, yatufahamisha kuwa wali hautendi kazi peke yake. Hata hivyo, mambo haya yanapoonekana nchi baada ya nchi, na sababu yake katika mwili yajulikana, hapana udhuru wa kuyakunjia uso.

Sasa tuingie katika hoja ya babu zetu, kwani ndiyo hoja ipendwayo sana barazani. Ni kweli walikula wanga. Lakini walikula wanga gani, na waliula wakiwa katika hali gani? Mtama ulisagwa kwa jiwe, mkate wa mofa ukaokwa na pumba zake. Mpunga ulitwangwa kwa kinu, ukabaki na sehemu ya ngozi yake nyekundu. Aliyekula akaenda shamba kwa miguu, au akavuta makasia, au akapanda mnazi, na jioni akarudi kwa miguu vile vile. Anayeitumia hoja ya babu yake leo, hula mara tatu ya alichokula babu, mchele wenyewe umekobolewa hata ukang'ara, kisha akakaa barazani mpaka alasiri akisema kuwa babu hakupata sukari. Hoja ya babu haimfai isipokuwa ataichukua na kazi za babu.

Iko mifano miwili ya visiwa ambayo twapenda ifikiriwe na watu wa pwani. Watu wa Okinawa, huko Japani, katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita zaidi ya nusu ya chakula chao ilikuwa viazi vitamu, nao walikuwa watu wembamba, wachapa kazi, waliosifika kwa umri mrefu, na maradhi ya sukari kwao yalikuwa machache. Lau wanga peke yake ungekuwa sumu, hao wangekuwa wa kwanza kuangamia. Mfano wa pili ni kisiwa cha Nauru, katika bahari ya Pasifiki. Wenyeji wake walikuwa wavuvi. Ardhi yao ikatoa fosfeti, wakatajirika, uvuvi na kutembea vikapungua, na chakula kikawa ni cha kuletwa kwa meli: mchele mweupe, unga wa ngano, sukari na nyama za mikebe. Walipopimwa katika miaka ya 1970, karibu mtu mzima mmoja katika kila watatu alionekana ana maradhi ya sukari.

Kwa hiyo wanga watofautiana na wanga. Mchele na unga vinapokobolewa sana huondolewa pumba na nyuzinyuzi, na hizo ndizo zilizokuwa zikiichelewesha sukari isimiminike katika damu kwa mara moja. Unga wa mahindi wa kusagisha pamoja na pumba zake si sawa na ule mweupe wa pakiti uliochujwa. Viazi navyo vimetofautika: mwaka 2025 zilitangazwa khabari za watu 205,107 wa Marekani, ikaonekana kuwa kula viazi vya kukaanga mara tatu kwa juma kulifuatana na khatari iliyozidi kwa 20 katika mia, na vya kuchemsha au kuoka havikuonyesha ziada ya kutajika. Vijana wetu wanunuao chipsi kila jioni baada ya magharibi na walisikie hilo. Mbaazi, kunde na choroko, ambazo baadhi ya watu hudhani ni chakula cha dhiki, hupandisha sukari polepole kuliko wali na mkate, na atakayepunguza wali akazidisha mbaazi za nazi hakupunguza ladha.

Na hapa twakumbuka hadithi aliyoipokea Bukhari. Sahl bin Saad (r.a.) aliulizwa kama Mtume (s.a.w.) alikula mkate mweupe wa unga uliochungwa. Akajibu kuwa Mtume hakuuona tangu alipotumwa hata alipofishwa, wala hawakuwa na chekeche zama zake. Shayiri ilisagwa, ikapulizwa, yakaruka ya kuruka, na yaliyobaki yakakandwa. Hatusemi kuwa kuchunga unga ni haramu, wala kwamba mkate mweupe ni bidaa. Asitutilie mtu maneno ambayo hatukuyasema. Twasema tu kwamba mkate ambao leo matabibu wausifu kwa wagonjwa wao ndio ulioliwa katika nyumba ya Mtume, na kwamba sisi twauona ni wa unyonge, tukamwonea haya mgeni kumwandalia.

Haya ya mgeni ndiyo yaliyotufikisha tulipofika. Tazama siniya ya futari katika mwezi wa Ramadhani. Mtu amefunga kutwa, na kufunga ni kupunguza. Likiadhiniwa, huletewa mihogo ya nazi, na viazi vitamu, na ndizi mbichi, na tambi za sukari, na kaimati, na mkate wa sinia, na uji, kisha baada ya tarawehe wali. Vyote hivyo ni wanga au sukari au viwili pamoja, na kila kimoja ni chakula kizima kwa mtu mmoja. Hatulaumu muhogo, muhogo hauna kosa. Kosa ni kwamba vitu saba vilivyokuwa vya siku saba vimekutana katika siniya moja, na mwenye nyumba huona aibu kimoja kikikosekana. Karamu za arusi nazo ni hivyo hivyo: pilau iliyotiwa viazi, na chapati pembeni, na soda juu yake, na mgeni akisema ameshiba huapiwa kwa Mungu aongezwe. Kumkirimu mgeni ni katika imani. Kumlazimisha ale kupita haja yake, huku ukijua kuwa ana maradhi, si ukarimu, na kiapo cha namna hiyo twamshauri mgeni asikiogope.

Mtume (s.a.w.) ametufunza, katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, kwamba mwanadamu hajazi chombo kilicho kibaya zaidi kuliko tumbo lake, na kwamba asiyeweza kutosheka na matonge machache basi agawe tumbo mafungu matatu: la chakula, la maji, na la pumzi. Sisi tumeyagawa mafungu matatu kwa wali, mkate na kaimati.

Ama kadari, tunaiamini kwa kheri yake na shari yake. Lakini Umar bin al-Khattab (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham akapata khabari ya tauni, aliamua kurudi, na Abu Ubayda alipomwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alimjibu kuwa aikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda katika kadari ya Mwenyezi Mungu. Basi atakayepunguza sahani yake na kutembea kwa miguu hajatoka katika kadari. Na njia hiyo imejaribiwa. Nchini Finland mwaka 2001, na Marekani mwaka 2002, zilitolewa khabari za watu waliokuwa ukingoni mwa maradhi, ambao baadhi yao walifundishwa kupunguza uzito kidogo, kula kwa mpango na kutembea. Maradhi yakapungua kwao kwa 58 katika mia kuliko kwa wenzao. Huko Marekani waliopewa dawa ya metiformini walipunguziwa 31 katika mia tu. Walichotakiwa kufanya hakikuwa kikubwa: kupunguza 7 katika mia ya uzito, ambayo kwa mtu wa kilo 90 ni kilo sita na kitu, na kutembea kwa bidii dakika 150 kwa juma. Mwenye msikiti ulio mwendo wa dakika tano, akaenda na kurudi kwa miguu sala zote tano akikaza mwendo, kwa siku tatu huzikamilisha dakika hizo. Nasi twaona wenye afya zao wakipanda tuktuk kwenda kusali.

Maneno yetu haya hayamhusu kila mtu kwa kadiri moja. Mchukuzi wa bandarini au mvuvi ambaye chakula chake ni sima na kitoweo kidogo, na mwili wake ni mkavu kwa kazi, asitishwe wala asione haya kwa sima yake. Wala asiyekuwa na pesa ya kununua mchele wa ngozi nyekundu asidhani ameachwa. Kupunguza wali mweupe hakugharimu kitu. Na aliye mgonjwa tayari, khususan atumiaye insulini au vidonge, asijikatie chakula kwa nafsi yake kwa sababu ya yaliyoandikwa hapa, kwani dawa bila ya chakula huweza kuishusha sukari ghafula mtu akazimia au akafa. Amwone tabibu wake wapange pamoja dawa na chakula. Na auzaye chupa ya mitishamba au asali iliyosomewa, akimwambia mgonjwa aache insulini, huyo anacheza na roho ya mtu, hata akiwa na kilemba kikubwa namna gani.

Sasa turudi kwa mwulizaji wetu. Umri wake ni miaka arubaini na mama yake ana maradhi, kwa hiyo asingoje kiu na kukojoa mara kwa mara. Aende asubuhi kabla ya kula akapimwe damu. Ikiwa chini ya 6.1 kwa kipimo cha milimoli, ashukuru na apimwe tena kama atakavyoambiwa na tabibu, ikiwa 7.0 au zaidi, irudiwe siku nyingine ihakikishwe. Na ikiwa baina ya hizo mbili, yuko ukingoni, na huyo ndiye ambaye mwendo wa kwenda msikitini utamfaa zaidi kuliko mtu yeyote.

Ama wali wa nazi wa Ijumaa, asiuache. Mama yake aupike kama kawaida, na samaki, na mchicha, na mbaazi. Aanze kwa mboga na samaki, kwani imeonekana kuwa wanga ukiliwa mwisho haupandishi sukari kwa kadiri ile ile, kisha wali uje robo ya sahani pasiwe na mkate kando yake, na chai ya baadaye isitiwe sukari. Mwiku wake, kama umelazwa mahali pa baridi palipo salama, aupashe moto Jumamosi asubuhi badala ya kununua mahamri. Wanga uliopoa sehemu yake huwa ngumu zaidi kwa tumbo kuikata. Na sahani ya mama mwenyewe ipimwe kwa kauli ya tabibu wake, naye akae chini ale pamoja na mwanawe sahani ya namna moja, asipikiwe chakula cha mgonjwa kando kama aliyetengwa.

Wallahu aalam.